Mkono wa Mkunga Haufundishwi kwa Simu Peke Yake

Siku hizi yasemwa mengi juu ya mafunzo ya wauguzi, na neno litajwalo kuliko yote ni mafunzo mseto. Kwa wasomaji wetu ambao hawajalisikia, maana yake ni hii: sehemu ya masomo mwanafunzi huipata kwa simu au kompyuta, mahali popote alipo na saa yoyote apatapo nafasi, na sehemu nyingine huipata ana kwa ana, mbele ya mkufunzi na mbele ya mgonjwa. Wako waisifuo njia hii kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni, na wako waichukiao kana kwamba imeletwa kuiua kazi ya uuguzi. Sisi hatumo katika kundi lolote la hayo mawili. Twaona kwamba jambo hili ni kubwa kwa watu wa Mwanza na wa kandokando yote ya Ziwa Victoria, na kwamba lisipopangwa vema litawapa watu vyeti pasipo kuwapa ujuzi. Kwa hiyo twataka kulizungumza leo kwa kirefu.

Tuanze na kazi yenyewe. Katika kila watoto kumi wazaliwao, mmoja hivi huhitaji kusaidiwa ili aanze kupumua. Wengi wa hao hukaushwa kwa kitambaa na kusuguliwa mgongo, nao wakalia. Lakini wako wachache ambao hata wakisuguliwa hawalii, na hao hawana budi kupuliziwa hewa kwa mfuko na barakoa. Muda wa kuianza kazi hiyo ni dakika moja tu tangu mtoto azaliwe, na wakunga huiita Dakika ya Dhahabu. Katika dakika hiyo mkunga humlaza mtoto na kukiweka kichwa chake sawa, kisiiname mbele wala kisirudi nyuma mno. Huishika barakoa juu ya mdomo na pua hata hewa isivuje pembeni, huubonyeza mfuko kwa kadiri ya mara arobaini kwa dakika, na jicho lake hulitazama lile kifua dogo kama lapanda. Lisipopanda, yampasa atambue papo hapo kosa liko wapi: ni kichwa, ni barakoa, au ni uchafu uliozuia njia ya hewa.

Msomaji mwenye akili ya kawaida aweza kuyakariri maneno hayo yote kabla chai yake haijapoa. Aweza kuyajibu katika mtihani akapata alama zote. Lakini mpe mtoto aliyelegea, saa nane za usiku, mama akipiga kelele upande huu na damu ikimtoka upande ule, taa nayo ikiwayawaya, ndipo utakapoona tofauti ya kujua na kuweza. Mikono ina elimu yake, na elimu hiyo haiingii kwa macho.

Sasa na tuitazame ramani yetu. Mkoa wa Mwanza sehemu yake kubwa ni maji. Ukerewe ni kisiwa, na nyuma ya Ukerewe kuna Ukara, nacho ni kisiwa. Kome na Maisome ni visiwa vilevile. Watu wa Sengerema na Buchosa walivuka kwa kivuko miaka mingi kati ya Kigongo na Busisi, wakisubiri gari za wagonjwa katika foleni, mpaka daraja kubwa lilipofunguliwa mwaka 2025. Daraja hilo limefupisha safari ya mgonjwa, nasi twalishukuru. Lakini watu wa visiwani hawana daraja. Hakuna mtu wa ziwa hili asiyeikumbuka tarehe 20 Septemba 2018 — siku kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu kabisa na gati ya Bwisya, Ukara, wakafa watu zaidi ya mia mbili. Kituo cha afya cha Bwisya kilipanuliwa baadaye kwa fedha za rambirambi za msiba huo. Majengo yapo. Swali letu la leo ni juu ya mikono itakayofanya kazi ndani ya majengo hayo.

Fikirini habari ya muuguzi wa mahali kama hapo. Ana cheti, naye ataka kusoma apate diploma, maana bila diploma hapandi daraja wala mshahara haupandi. Kwa desturi ya zamani hana budi kuaga kituo chake, kuvuka maji, na kukaa chuoni mwaka mzima au zaidi. Akiondoka, nani abaki zamu? Katika zahanati yenye wauguzi wawili, kuondoka kwa mmoja ni kuufunga mlango nusu. Na mara nyingi huyu aliyeondoka ni mama mwenye watoto, au ndiye alishaye wazazi wake. Basi huahirisha masomo mwaka huu, akaahirisha na mwaka ujao, hata akafika umri wa kustaafu akiwa na cheti kilekile alichopewa akiwa msichana. Mtu wa namna hii ndiye awezaye kufaidi mafunzo mseto kuliko mwingine yeyote, nasi twawashangaa waipingao njia hii bila kumfikiria.

Wenzetu wa Kenya walilitambua jambo hilo mapema. Mwaka 2005 shirika la AMREF pamoja na Baraza la Wauguzi la Kenya walianza mpango wa kuwapandisha wauguzi wa cheti zaidi ya 20,000 wafikie diploma kwa masomo ya kompyuta, kwa sababu vyuo vya bweni visingeweza kuwapokea wote hao kwa miaka mingi mno. Masomo ya nadharia waliyasoma kwenye kompyuta zilizowekwa katika vituo mbalimbali, na mazoezi ya vitendo wakayafanya hospitalini. Muuguzi aliendelea kulipwa na wagonjwa waliendelea kuhudumiwa. Huo ulikuwa mpango wenye miguu miwili, na ndiyo maana uliweza kusimama.

Tena jambo lenyewe si geni hapa kwetu, ingawa wengi hudhani limekuja na simu janja. Wazee wa Mwanza wataukumbuka mradi wa kisomo cha watu wazima ulioendeshwa na Serikali pamoja na UNESCO tangu mwaka 1968, makao yake yakiwa hapa hapa Mwanza, ukihudumia mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao sasa ni Kagera. Mkulima hakufundishwa herufi tupu. Alifundishwa kusoma kwa kitabu cha pamba ikiwa yeye ni mtu wa pamba, kwa kitabu cha ndizi ikiwa yeye ni mtu wa migomba, kwa kitabu cha uvuvi ikiwa yeye ni mvuvi. Akitoka darasani aliyatenda shambani au mtumbwini yale aliyoyasoma. Kisha mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakalisikiliza somo kwenye redio, wakakisoma kijitabu, wakazungumza chini ya kiongozi wao, halafu wakashika majembe wakachimba vyoo. Redio, kitabu, mazungumzo, jembe: kama hayo hayakuwa mafunzo mseto, basi sisi hatujui maana ya neno hilo.

Lakini na tuangalie sana ni kitu gani kilichoifanikisha kazi ile. Redio peke yake isingechimba choo hata kimoja. Kikundi kilikuwapo, kiongozi alikuwapo, na siku ya kuchimba ilipangwa, jirani akimwona jirani. Ukiviondoa hivyo vitatu, wabaki na sauti tu ndani ya sanduku. Hofu yetu juu ya mipango mingi ya leo ni kwamba sanduku limenunuliwa, tena ni zuri kuliko lile la zamani kwa kuwa lina picha, lakini kiongozi na siku ya kuchimba havimo katika bajeti.

Wako watakaosema kwamba twasema kwa dhana. Basi na tuwape habari zilizopimwa, tena zilizopimwa hapa Tanzania.

Katika hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, mwaka 2010 wakunga walifundishwa kwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto asiyepumua, kwa kutumia mwanasesere. Watafiti wakapima mara mbili. Walipowapima kwa mwanasesere, waliwaona wamekuwa hodari kuliko kwanza. Walipokwenda kuwatazama katika chumba cha kujifungulia, mbele ya watoto wenyewe, hawakuona mabadiliko. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 2013, nayo ilistahili kubandikwa katika ofisi ya kila mtu apangaye semina katika nchi hii. Siku moja ya mafunzo, yenye mwanasesere, yenye wakufunzi hodari, haikutosha kufika kitandani. Itakuwaje basi somo lisilo na mwanasesere wala mkufunzi?

Watu wa Haydom hawakukata tamaa. Waliweka mazoezi palepale kazini, mafupi mno, dakika tatu hadi tano kila wiki, mwanasesere akiwa karibu na wodi na mtu wa kuyasimamia akiwa mmoja wao. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, nao watafiti wamekuja kuithibitisha kwa hesabu. Watoto waliokufa ndani ya saa 24 za kwanza walipungua kutoka 11.1 katika kila watoto 1,000 mpaka 7.2. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015. Hapakuongezwa daktari bingwa wala hapakujengwa jumba jipya.

Baada ya hapo kazi hiyo iliingia mkoani kwetu. Mpango uitwao Safer Births, yaani uzazi ulio salama zaidi, ulipelekwa katika vituo 30 vya tiba vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Wakunga walipewa vyombo vya kusikilizia moyo wa mtoto aliye tumboni na vya kupimia moyo wa mtoto aliyezaliwa, wakapewa wanasesere wa kufanyia mazoezi wenye kumwonyesha mtu kosa lake, na katika kila kituo wakateuliwa wauguzi na wakunga wa palepale wa kuwaongoza wenzao katika mazoezi mafupi ya mara kwa mara. Habari yake ilitolewa mwaka 2025 katika jarida la New England Journal of Medicine la Marekani. Vifo vya watoto, pamoja na waliozaliwa wafu na waliokufa katika siku saba za kwanza, vilipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 katika kila uzazi 1,000. Matokeo hayakuwa sawa katika kila mkoa, nasi hatutaki kuwadanganya wasomaji wetu kwa kusema kwamba dawa imepatikana ya kila ugonjwa. Lakini tofauti hiyo ya karibu watoto watatu katika kila elfu si namba tu. Ni watoto ambao leo wanabebwa migongoni.

Na simu je? Tusiwe wachoyo wa haki. Nchini Ethiopia wakunga wa vituo kadhaa walipewa simu zenye filamu fupi za kuwaonyesha namna ya kuzalisha kwa usalama, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba walikuwa na maarifa na ujuzi kuwazidi wenzao wasiopewa. Hilo ni jema. Lakini kuhusu vifo vya watoto wachanga, ingawa idadi ilikuwa ndogo kwa upande wa wenye simu, tofauti haikufika kiasi cha kuthibitika. Kwa maoni yetu habari za Haydom na za Ethiopia zikiwekwa pamoja zasema jambo moja: simu ni mwalimu msaidizi mzuri sana, naye asipewe darasa zima.

Sasa tuseme wazi mambo yanayotukera.

La kwanza ni ule mtindo wa kuliita mafunzo mseto jambo ambalo ni upungufu wa wakufunzi. Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kile kilima kionekanacho na kila aingiaye mjini, ndiyo hospitali kubwa ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, na tangu mwaka 2003 kimekuwapo chuo kikuu cha sayansi za afya pembeni yake. Kuna hospitali ya mkoa ya Sekou Toure. Kuna Sengerema na Sumve, ambako wauguzi wamefunzwa tangu zamani. Wanafunzi ni wengi, na vyuo vimeongezeka, vya Serikali, vya dini na vya watu binafsi. Lakini wodi hazikuongezeka kwa kadiri hiyo hiyo. Msomaji aliyepata kulazwa atakuwa ameona: kitanda kimoja, mgonjwa mmoja, na kundi la vijana waliovaa sare, wa mbele wakitenda, wa katikati wakitazama, na wa nyuma wakiyaona mabega ya wa katikati. Kijana aliyesimama nyuma miaka mitatu atapata diploma sawa na aliyesimama mbele. Katika hali kama hiyo ni kishawishi kikubwa kwa wakubwa wa vyuo kusema: wacha waangalie filamu. Filamu na waiangalie, tena waiangalie kabla ya kuja wodini, ili mkufunzi asipoteze saa akieleza mambo ambayo simu ingeyaeleza. Hapo ndipo faida ilipo. Saa iliyookolewa darasani irudishwe kitandani. Ikiwa saa hiyo yakatwa tu, na mkufunzi ahesabiwa kuwa amepunguziwa kazi, basi mwanafunzi ameibiwa, na mgonjwa ataibiwa baada yake.

La pili ni wanasesere wa kabatini. Tumepata kuingia katika chumba cha mazoezi cha chuo kimoja, ambacho hatutakitaja, tukaonyeshwa mwanasesere wa bei kubwa aliyeletwa kama msaada. Alikuwa bado amefungwa katika nailoni yake. Tulipouliza kwa nini, tuliambiwa kwamba ufunguo hukaa kwa mkuu, na mkuu amesafiri, na zaidi ya hayo wanafunzi wangemchakaza. Kweli, wangemchakaza. Jembe nalo huchakaa. Mwanasesere aliyechakaa kwa mikono ya wanafunzi mia mbili amefanya kazi yake, na aliye mpya baada ya miaka minne ni aibu. Tena si lazima awe wa bei kubwa. Wakunga wa Haydom hawakufanikiwa kwa sababu ya thamani ya mwanasesere. Walifanikiwa kwa sababu alikuwa karibu, na walimshika kila wiki.

La tatu latuhusu sisi wafanyakazi, nalo tulitamke bila kuoneana haya. Semina ya hotelini ina posho, ina nauli, ina chakula cha mchana, na kuna watu katika ofisi za wilaya ambao kalenda yao ya mwaka ni kalenda ya semina. Mazoezi ya dakika tano wodini hayana posho. Kwa hiyo yana maadui wengi wasiosema kwa sauti. Haijuzu tuidai nchi ituongezee ujuzi huku mioyoni twataka ituongezee posho. Lakini upande wa pili nao una neno lake, nalo ni zito. Muuguzi atokaye zamu ya usiku haambiwi, nenda nyumbani ukasome kwa simu yako, kwa bando lako, katika saa zako za kulala, kisha kesho uje ufanye mtihani. Hayo si mafunzo, ni kumpakia punda mzigo wa pili. Twasema saa ya kujifunza ihesabiwe kuwa saa ya kazi, iandikwe katika ratiba ya zamu kama inavyoandikwa saa ya kugawa dawa. Gharama ya mtandao ilipwe na mwajiri, au masomo yawekwe kwenye simu mara moja kituoni ili yasomeke bila mtandao, jambo ambalo mafundi waweza kulifanya bila shida, na ambalo kwa watu wa Ukara na Maisome halina budi kufanyika, maana huko mawimbi ya simu huja na kwenda kama upepo wa ziwa. Na amalizaye masomo hayo kwa haki apandishwe daraja kwa haki, asiambiwe kwamba diploma yake ni ya simu.

Hapa ndipo linapokuja suala la mtihani. Diploma haitaaminika ikiwa mtihani ni wa kuchagua jibu kwenye skrini. Baraza la Uuguzi na Ukunga ndilo lenye dhamana ya kuwaandikisha wauguzi wa nchi hii, na yafaa lishikilie bila kulegea kwamba aliyejifunza kwa njia mseto apimwe kwa mikono yake, mbele ya mtahini mwenye macho, sawasawa na aliyekaa chuoni miaka yote. Daftari la mazoezi litiwe sahihi na mtu aliyeona. Twajua, na kila mwanafunzi ajua, kwamba daftari hizo nyakati nyingine hutiwa sahihi kwa mafungu Ijumaa jioni, na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda zake. Sahihi ya namna hiyo yaweza kumwua mtu, ingawa mwenye kalamu hatamwona kamwe.

Kuna jambo lingine ambalo halizungumzwi vya kutosha, nalo ni lugha. Masomo ya uuguzi hufundishwa kwa Kiingereza, na masomo mengi ya kwenye simu yametengenezwa kwa Kiingereza, tena cha watu wa mbali. Lakini mama aliye katika uchungu hasemi Kiingereza. Asema Kiswahili, au Kisukuma, au Kikerewe, au Kikara, naye huuliza maswali kwa lugha yake. Mkunga akiwa amejifunza kwa Kiingereza namna ya kumtuliza mama, kisha akamtuliza kwa Kiswahili, sehemu ya mafunzo yake imebaki njiani. Hatusemi Kiingereza kitupwe. Vitabu vya dawa vimo humo, na muuguzi wetu ana haki ya kuvisoma. Twasema kwamba yale masomo ya kutenda, ya kushika na kusema na mgonjwa, hakuna sababu yoyote ya maana kuyafanya kwa lugha ambayo haitatumika kitandani. Wale waliotangulia mwaka 1973 hawakutangaza Mtu ni Afya kwa Kiingereza.

Yupo atakayetuuliza: fedha zitoke wapi? Jibu letu ni kwamba sehemu kubwa ya haya hayahitaji fedha mpya. Muuguzi hodari wa palepale, aliyechaguliwa na wenzake kuwaongoza mazoezi, ni mtu ambaye tayari analipwa mshahara. Yampasa kupunguziwa zamu mbili kwa mwezi na kupewa nyongeza ndogo ya wajibu, ili asione kuwa ameongezewa mzigo kwa sababu ya wema wake. Mwanasesere wa kawaida na mfuko wa kupulizia hewa havifikii gharama ya semina moja ya siku tatu ya watu arobaini. Kinachohitaji fedha kweli ni wakufunzi wa kitandani, wale wakaao wodini na wanafunzi badala ya kukaa ofisini, nao hao tusiwatafutie njia ya mkato. Ni lazima waajiriwe.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na makadirio ya halmashauri hupitishwa na madiwani miezi kadhaa kabla ya hapo. Twawaomba wanachama wa Ukerewe, Buchosa, Sengerema, Misungwi, Magu na Kwimba wasiliache jambo hili kwa waganga wakuu peke yao. Wamwulize diwani wao katika mkutano wa kata maswali matatu ya kawaida kabisa. Kituo chetu kina mwanasesere wa mazoezi, na yuko mezani au yuko kabatini? Ni nani msimamizi wa mazoezi, na siku yake ya wiki ni ipi? Na muuguzi wetu anayesoma kwa simu, bando lake analipiwa na nani?